Nguo za watoto wachanga na ushuru wa forodha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeulizwa sisi maajenti wa forodha na watu wanaouza nguo za watoto kwenye masoko ya Kibuye na Jubilee hapa Kisumu, Nakuru mjini, Eldoret na Busia. Wapo wanaoagiza Guangzhou kwa simu, wapo wanaofungua belo kabla jua halijachomoza, na wapo waliochangia kontena na watu wasiowajua. Jibu lililokwisha kutolewa mahali pengine hatulirudii, tunakuelekeza kwenye namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Namba ya HS ni nini, na kwa nini ajenti ananidai picha za nguo wakati nimeshampa invoisi?

Kila bidhaa inayoingia nchini hupewa namba kutoka kwenye mfumo wa kupanga bidhaa (Harmonized System, kwa kifupi HS) unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani (WCO), mfumo ulioanza kutumika 1988. Tarakimu 6 za kwanza ni zile zile uwe Kisumu, Dubai au Guangzhou. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2, ndiyo maana kwenye hati yako unaona namba ya tarakimu 8, kwa mfano 6111.20.00. Kiwango cha ushuru hufuata namba hiyo. Wengine huiita "kodi ya HS", kutoka neno la Kiingereza "code", na mteja akisikia "kodi" anadhani ushuru mwingine umezuka usiku. Hapa tutaiita namba tu.

Ajenti anadai picha kwa sababu invoisi nyingi zinasema "nguo za watoto, vipande 1,200" na kuishia hapo. Kwa maneno hayo hakuna namba inayoweza kuandikwa kwa uaminifu. Anahitaji kujua mambo matatu: mtoto wa kuivaa ana urefu gani, kitambaa kimetengenezwa vipi, na uzi ni wa nini. Picha ya lebo ya ndani ya shingo hujibu la kwanza na la tatu. La pili linahitaji picha ya karibu ya kitambaa chenyewe, au nguo moja mkononi.

2. Kwa forodha, mtoto mchanga ni nani?

Ni mtoto ambaye urefu wake hauzidi sentimita 86. Umri haumo. Maelezo hayo yamo kwenye sura ya 61 na sura ya 62 za jedwali la ushuru, na yanaongeza jambo moja la maana: nguo ya mtoto wa kimo hicho ikiweza kuingia kwenye kifungu cha watoto wachanga na kwenye kifungu kingine cha sura hiyo hiyo, ya watoto wachanga ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo fulana ya mtoto wa sm 74 haiendi kwenye fulana (6109), suruali yake haiendi kwenye suruali, soksi zake haziendi kwenye soksi (6115). Zote zinarudi 6111, au 6209 kama kitambaa ni cha aina ile nyingine (swali la 3).

Hizo sentimita ni za mtoto, si za nguo. Mama mmoja wa Kibuye alikuja na gauni, akalitandaza mezani, akaweka futi ya fundi kutoka begani hadi pindoni: sm 48. "Basi hii ni ya mtoto mchanga, imebaki karibu nusu." Tukageuza kola tukasoma lebo: 100. Gauni la sm 48 linamfika magotini mtoto wa miaka mitatu au minne. Futi ya fundi ina kazi yake, lakini kwa swali hili soma lebo kwanza (swali la 10).

3. Kuna tofauti gani kati ya 6111 na 6209? Zote si nguo za watoto wachanga?

Zote ni za watoto wachanga. Kinachozitenga ni jinsi kitambaa kilivyotengenezwa, na hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza, maana neno "kufuma" tunalitumia kwa sweta na pia kwa kitambaa cha kiwandani.

6111 ni kitambaa cha vitanzi: uzi unapita kwenye kitanzi cha uzi uliotangulia, kama sweta ya bibi, ila kwa mashine vitanzi vinaweza kuwa vidogo usivione kwa macho. Fulana ni vitanzi. Vesti ya vifungo vya chini ni vitanzi. Ovaroli laini ya kulalia ya velo ni vitanzi. Flisi, ile ya manyoya mafupi ambayo wengi huiona kama blanketi, nayo ni vitanzi. 6209 ni kitambaa cha mtande na mshindio, nyuzi zinazopishana juu na chini kwa pembe mraba: jinzi, kitambaa cha shati la shule, poplini, kodrai.

Ukitaka kujua bila mashine, shika kitambaa kwa vidole viwili uvute kwa upana. Cha vitanzi kinavutika na kurudi. Cha mtande na mshindio kinakataa, isipokuwa kimetiwa uzi wa kuvutika. Ukibaki na shaka, chokonoa ukingo uliokatwa ndani ya mshono kwa sindano. Nyuzi zikichomoka moja moja zimenyooka kama vijiti, hiyo ni 6209. Uzi ukitoka umejikunja kama nywele na kuacha ngazi kama ya soksi iliyochanika, hiyo ni 6111.

Tunaulizwa ni ipi inayotokea mara nyingi. Kwenye mizigo inayopita mikononi mwetu ni 6111 kwa mbali, kwa sababu mtoto mchanga huvalishwa nguo laini zinazovutika.

4. Nitajuaje kama ni pamba au polyester, na ikichanganywa je?

Baada ya 6111 au 6209 tarakimu mbili zinazofuata ni za uzi. Kwa 6111: pamba ni 6111.20, nyuzi za sintetiki (polyester, nailoni, akriliki) ni 6111.30, na uzi mwingine wowote ni 6111.90. Kwa 6209 mpangilio ni huo huo: .20, .30, .90.

Uzi wenye uzito mkubwa ndio unaoamua. Pamba 95 na elastane 5 ni pamba. Polyester 60, pamba 35, elastane 5 ni sintetiki. Ikiwa nusu kwa nusu, sheria inasema chukua ile inayokuja mwisho kwa mpangilio wa namba, na sura ya pamba (52) iko kabla ya sura za nyuzi za kutengenezwa (54 na 55). Kwa hiyo pamba 50 na polyester 50 inakwenda 6111.30, hata kama aliyekuuzia ameandika "pamba" kwa herufi kubwa.

Sasa mtego unaonasa hata maajenti. Lebo inasema pamba 45, polyester 35, viskosi 20. Macho yanaona pamba ndiyo kubwa. Lakini polyester na viskosi zote ni nyuzi za kutengenezwa, na hesabu huanza kwa sura kabla ya kushuka ndani ya sura: pamba 45 dhidi ya nyuzi za kutengenezwa 55. Pamba imeshindwa. Ndani ya kundi lililoshinda polyester ni kubwa kuliko viskosi, basi jibu ni 6111.30.

Na zile nguo za "mianzi" zinazopendwa siku hizi kwenye maduka ya Nakuru? Karibu zote ni viskosi iliyotengenezwa kutokana na mianzi. Viskosi si pamba, na wala si sintetiki kwa lugha ya jedwali: sintetiki hutengenezwa kwa kemikali tupu, viskosi huanzia kwenye mmea. Mahali pake ni 6111.90.

Lebo ikiwa imekatwa, uzi mmoja na kiberiti vinaweza kukupa fununu. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Polyester huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Fununu ni ya kwako tu. Kwenye hati andika kilichothibitishwa na mtengenezaji au maabara.

5. Kama ushuru wa nguo ni ule ule, namba ina faida gani kwangu?

Ni swali la haki. Kwa Jedwali la Pamoja la Ushuru la Jumuiya lililoanza 1 Julai 2022, nguo za sura ya 61 na ya 62 ziko kwenye kundi la juu la asilimia 35, iwe 6111.20 au 6209.90. Mtu anayekwambia atakushushia ushuru kwa kukuhamisha kutoka pamba kwenda polyester hana anachokufanyia. (Asilimia 35 iliwekwa kulinda viwanda vya hapa. Aliyepita karibu na majengo ya KICOMI, kiwanda cha zamani cha nguo za pamba hapa Kisumu, atakuwa na maoni yake kuhusu wakati wa ulinzi huo.)

Namba inauma mahali pengine. Kwanza, katoni moja ya "vitu vya mtoto" huwa na vitu ambavyo si nguo, na kila kimoja kina mstari wake (swali la 12). Pili, kila mwaka karibu na 1 Julai Gazeti la Jumuiya hutoa orodha ya bidhaa ambazo nchi fulani itatumia kiwango tofauti, na orodha hiyo huandikwa kwa namba za tarakimu 8, wakati mwingine ikiwa na kiwango cha dola kwa kilo. Tatu, ofisa akifungua kontena akakuta flisi pale ulipoandika pamba, hati inarekebishwa, na siku zinazokatika ni zako: bandari inahesabu gharama ya kuhifadhi na kampuni ya meli inahesabu kuchelewa kwa kontena lake. Tumeona gharama hizo zikizidi ushuru uliokuwa ukigombaniwa.

## Pesa

6. Nitalipa nini hasa?

Tuchukue mzigo wa 6111.20 uliokuja kwa meli, wenye thamani ya shilingi 400,000 ukijumlisha bei, bima na nauli hadi Mombasa.

Ushuru wa forodha asilimia 35 ni 140,000. VAT asilimia 16 huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 540,000, nayo inatoa 86,400. Ada ya tamko la uagizaji (IDF) ni asilimia 2.5 ya thamani, 10,000. Tozo ya reli (RDL) ni asilimia 2, 8,000. Jumla 244,400, yaani asilimia 61.1 ya thamani, kabla ya ajenti, bandari na lori la kuja Kisumu.

Watu wengi hushtuka hapa kwa sababu walisikia "35" wakaishia hapo. Ukipanga bei ya dukani, anza na 61.

7. Si nguo za watoto wachanga zina msamaha?

Hazina. Uvumi huu unatokana na nchi nyingine ambako nguo za watoto hazilipiwi VAT, Uingereza ikiwa mfano maarufu. Kenya VAT yake ni 16 kama nguo ya mtu mzima.

8. Nikileta kwa ndege hadi Eldoret, nauli ya ndege inaongezwa kwenye thamani?

Kwa ushuru wa forodha, haiongezwi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kwenye jedwali lake la nne linalohusu thamani, inasema bidhaa zinazokuja kwa ndege zisiongezewe nauli. Angalia hati yako. Tumewahi kuona nauli ya ndege imejumlishwa kwenye thamani kwa mazoea ya meli, mwenye mzigo akalipa asilimia 35 ya nauli bila kujua.

9. KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) wamesema bei ya kwenye invoisi yangu ni ya chini mno. Nimenunua kwa bei hiyo kweli. Nifanyeje?

Hapa ndipo ugomvi mwingi ulipo, kuliko kwenye namba. Kanuni ya kwanza ya kuthamini ni bei uliyolipa au utakayolipa kweli, na mzigo wa kuithibitisha ni wako. Peleka ushahidi wa malipo ya benki, mazungumzo ya kuagiza, orodha ya bei ya muuzaji, na picha zenye ubora wa nguo. Rompa (nguo ya mtoto ya kipande kimoja) nyembamba ya bei ya jumla haiwezi kulinganishwa na ya zawadi yenye sanduku, lakini ofisa hawezi kuliona hilo kwenye invoisi iliyoandika "nguo za watoto". Kama ulilipa kwa kumtumia pesa rafiki wa rafiki Dubai, utapata shida, na hatuna dawa yake. Ukibaki na malalamiko, tazama swali la 20.

## Saizi na lebo

10. Lebo inasema 90. Nyingine inasema miezi 18 hadi 24. Nyingine 2T. Zinaingia wapi?

Lebo za Ulaya huandika urefu wa mtoto moja kwa moja: 56, 62, 68, 74, 80, 86, kisha 92. Hizo ni rahisi, 86 ndani, 92 nje. Lebo nyingi za Uchina huenda 59, 66, 73, 80, 90, 100. Zinaruka 86. Kwa hiyo 80 ni ya mtoto mchanga na 90 imeshatoka. Huu ndio mpaka unaotuletea watu wengi zaidi, kwa sababu mfanyabiashara anaagiza "saizi 66 hadi 90" kama bidhaa moja na kuziandika zote 6111.

Lebo za Marekani huandika miezi, na hapo lazima uombe chati ya saizi ya kiwanda. Miezi 12 hadi 18 kwa kawaida iko ndani. Miezi 18 hadi 24 inategemea chati: kiwanda kimoja kinaandika hadi sm 86, kingine kinavuka. 2T imevuka. Weka chati hiyo kwenye faili la mzigo, maana ofisa akiuliza, jibu la "huwa tunaandika hivyo" halimsaidii yeye wala wewe.

Lebo yenye saizi mbili, kwa mfano 86/92, imetengenezwa ili imfae hata mtoto wa 92. Sisi hatuiweki 6111 bila uamuzi wa maandishi (swali la 19).

11. Zilizovuka 86 zinakwenda wapi? Na kama ni ya mvulana au msichana haijulikani?

Zinarudi kwenye vifungu vya kawaida. Fulana ya pamba ni 6109.10, bila kujali jinsia. Sweta ni 6110. Suruali ya pamba ya kitambaa cha vitanzi ni 6103.42 kwa mvulana na 6104.62 kwa msichana. Gauni la pamba la kitambaa hicho ni 6104.42.

Nguo inayofunguka mbele husomwa kwa kifungo: upande wa kushoto ukifunika wa kulia ni ya kiume, wa kulia ukifunika wa kushoto ni ya kike. Mkato wenyewe ukionyesha wazi ni ya jinsia gani, kifungo hakihesabiwi. Isipotambulika kabisa, sheria inaiweka upande wa kike. Suruali ya njano yenye twiga, saizi 92, inayovaliwa na yeyote, ni 6104. Vijana wa ofisi yetu walibishana juu ya hilo asubuhi nzima, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Kwa nguo za hadi 86 hakuna mvulana wala msichana.

## Vitu vinavyoambatana

12. Soksi, glavu, kofia, viatu, nepi, blanketi: vyote si vya mtoto mchanga?

Vya mtoto ni kweli, ila jedwali haliulizi ni vya nani peke yake. Soksi, glavu za kuzuia kujikwaruza na kitambaa cha kifuani cha kukinga mate viko pamoja na nguo, 6111 au 6209. Boshori na kofia nyingine hazimo: kofia za vitanzi au za kushonwa kwa kitambaa zina kifungu chao, 6505, hata zikiwa za mtoto wa siku moja. Hapa mantiki inachechemea kidogo, soksi ndani na boshori nje, lakini ndiyo sheria.

Viatu vinategemea soli. Vile vya kufuma visivyo na soli ya nje iliyogundishwa au kushonwa vinabaki 6111. Kikiwa na soli, ni sura ya 64. Nepi, ziwe za kutupa au za kitambaa za kufuliwa, ni 9619. Blanketi ni 6301. Kibebeo cha kitambaa chenye mikanda ni 6307.

13. Seti ya zawadi ya vipande vitano kwenye sanduku moja, niandike mistari mitano?

Inategemea kilichomo. Rompa, boshori, glavu na soksi vilivyofungwa pamoja kwa rejareja huchukuliwa kama seti, na rompa ndiyo inayoipa seti sura yake. Mstari mmoja wa 6111.

Lakini kuna kanuni ya sehemu ya XI ya jedwali, ile ya nguo na vitambaa, inayosema nguo za vifungu tofauti (kofia kama boshori hazihesabiwi humo) ziandikwe kila moja kwenye kifungu chake hata zikiuzwa pamoja. Fulana ya vitanzi na kaptura ya jinzi kwenye hanga moja ni 6111 na 6209, mistari miwili, na bei ya seti lazima igawanywe. Mwombe muuzaji aigawanye yeye kwenye invoisi. Ukiigawanya mwenyewe kwa kukadiria, unajitengenezea swali la 9.

14. Koti la mvua la mtoto mchanga?

Kitambaa kilichopakwa plastiki kina vifungu vyake, 6113 na 6210, lakini vya watoto wachanga vinavishinda. Koti la hadi sm 86 ni 6111 au 6209. Likiwa plastiki tupu isiyo na kitambaa, ni 3926.

## Mitumba

15. Belo ya nguo za watoto ina namba gani?

6309, na hapo kimo, vitanzi na uzi havihesabiwi tena. Masharti ni mawili, yote lazima yatimie: nguo zionekane wazi zimevaliwa, na ziwe zimekuja kwa wingi, kwenye belo, magunia au vifungashio vya namna hiyo. Ushuru wake hutazamwa kwa njia mbili, asilimia ya thamani na kiasi cha dola kwa kila kilo, na inayozidi ndiyo inayolipwa. Kwa belo za watoto, ambazo ni nzito na zina vipande vingi vya bei ndogo, uzito hauna mzaha.

Nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi kuingia kabisa, za mtoto zikiwemo.

16. Nimepata stoku ya duka la Uingereza, nguo mpya zenye tagi, zimekandamizwa kwenye belo. Ni mitumba?

Hapana. Sharti la kwanza limevunjika: hazijavaliwa. Belo haigeuzi nguo mpya kuwa kuukuu. Zinapangwa moja moja kama nguo mpya, jambo linalomaanisha kuzichambua kwa saizi na uzi. Ndiyo sababu stoku ya namna hii, nzuri kwa bei, inawachosha watu kwenye bohari. Kabla hujatuma pesa, dai orodha ya vilivyomo. Asiyeweza kuitoa anakuuzia usumbufu.

## Njia za kuingilia

17. Nikinunua Kampala na kuvukia Busia au Malaba, si ni Jumuiya moja?

Nguo zilizoshonwa Uganda na kutimiza kanuni za asili za Jumuiya huvuka bila ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha asili. Mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti rahisi kinachotolewa mpakani. VAT ni jambo jingine, msamaha huo hauigusi.

Rompa iliyotoka Guangzhou haiwi ya Uganda kwa kulala usiku mmoja kwenye duka la Kampala. Tunaulizwa hili kila wiki, mara nyingi na mtu ambaye tayari yuko stendi na mizigo. Vivyo hivyo sanduku la safari: rompa 60 za saizi zinazofuatana si nguo za mwanao, hata ukiwa umembeba mgongoni.

18. Tunachangia kontena na mtu wa Nairobi anayeshughulikia kila kitu. Namba inanihusu?

Inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Hati iko kwa jina lake, kwa hiyo huna hati ya kudai VAT uliyoilipa, na huwezi kuthibitisha mzigo ukisimamishwa barabarani. Na mmoja wenu akificha simu katikati ya nepi, wote mnasubiri. Mfanyabiashara mmoja wa Nakuru alisubiri nguo za Desemba hadi watoto waliokusudiwa wakakua zikawa haziwatoshi. Angalau dai nakala ya hati ya kutolea mzigo na mstari unaokuhusu.

Cheti cha ubora cha KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), kinachotolewa baada ya ukaguzi katika nchi unakonunua, nacho lazima maelezo yake yalingane na hati ya forodha. Cheti cha "fulana" kwa mzigo wa rompa kitakurudisha nyuma.

## Ukiwa na shaka au mgogoro

19. Naweza kuwauliza KRA kabla sijaagiza?

Ndiyo, na ni watu wachache mno wanaofanya hivyo. Kifungu cha 248A cha Sheria ya 2004 kinaruhusu kuomba uamuzi wa mapema wa maandishi kuhusu namba, asili au thamani. Peleka sampuli, chati ya saizi, mchanganyiko wa uzi na maelezo ya kitambaa. Kwa anayeleta katoni mbili kwa mwaka ni kazi kubwa mno. Kwa anayeleta kontena la ovaroli zile zile kila msimu, ni karatasi ya thamani kuliko neno la ajenti yeyote, sisi tukiwemo.

20. Wamebadilisha namba yangu na sikubali.

Una siku 30 tangu uamuzi kuomba kwa Kamishna uangaliwe upya, kwa maandishi na kwa sababu (kifungu cha 229). Yeye naye ana siku 30 za kujibu. Asipojibu, ombi lako linahesabika limekubaliwa. Usiporidhika, Baraza la Rufaa za Kodi linakungoja ndani ya siku 45. Bakiza nguo moja iliyofungwa kama ilivyokuja, na lebo yake. Picha ya simu yenye mwanga wa taa ya duka haijawahi kumshawishi mtu kwamba kitambaa ni cha vitanzi.

21. Mzigo umeshauzwa wote. Naweza kutupa karatasi?

Weka miaka 5. Wakaguzi wanaweza kuja baada ya mzigo kutoka, na tofauti wakiiona inadaiwa.

22. Namba hizi zitabadilika?

Toleo linalotumika sasa ni la 2022, linalofuata litaanza 1 Januari 2028. Baada ya tarehe hiyo usinakili namba kutoka hati ya zamani kabla ajenti hajaitazama. Na kila Julai, kabla ya kumtumia pesa muuzaji, omba uonyeshwe Gazeti la Jumuiya la mwaka huo kwa namba yako ya tarakimu 8.